Sakafu Iliyotoa Jasho

Wenzangu wengi hudhani kwamba zege likishakauka huwa jiwe, na ya kuwa jiwe halipitishi maji. Dhana hiyo ilimgharimu mzee mmoja wa mjini Tanga fedha nyingi sana, na nusura imgharimu mara ya pili. Nimeona vema niandike habari zake katika gazeti letu la shule, ili wanafunzi wenzangu waone jinsi masomo ya darasani yanavyokutana na mwiko na ndoo, na wazazi wetu walio na nyumba nao wapate la kuwafaa.

Mzee huyo ni mstaafu, na nyumba yake iko upande wa Raskazone, mahali ambapo upepo wa bahari huingia hata sebuleni. Mali anayoipenda kuliko zote ni motokaa aliyoachiwa na marehemu baba yake, Peugeot 404 ya rangi ya maziwa. Vijana wa siku hizi huenda hawaijui motokaa hiyo. Ilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1960, na katika Afrika ya Mashariki ilijipatia sifa kubwa kwa sababu ya mashindano ya Safari, ambayo zamani hizo yalipita katika nchi zetu zote tatu, yaani Kenya, Uganda na Tanganyika. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda kwa motokaa ya namna hiyo mwaka 1963. Bert Shankland na Chris Rothwell wakashinda kwayo mwaka 1966 na tena mwaka 1967. Kisha Nowicki na Cliff wakarudia ushindi wao mwaka 1968. Ushindi mara nne katika miaka sita, kwa njia za tope na mawe, si jambo dogo, na ndiyo sababu wazee wetu wakiiona motokaa hiyo barabarani husimama wakaitazama.

Lakini chombo kilichoshinda tope la Safari kinaweza kushindwa na banda lake chenyewe. Peugeot 404 haina fremu nzito ya kubebea bodi kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa yake. Sakafu ya motokaa, na yale makunjo ya bati yaliyo chini ya milango, ndiyo yanayoishika isikatike katikati. Kutu ikila hapo, motokaa imekwisha, ijapokuwa injini ni nzima na rangi inapendeza. Basi kutu ilikuwa imekula hapo hapo. Mzee aliipeleka Dar es Salaam kwa fundi wa bodi, ikakatwa na kuungwa upya kwa muda wa miezi mitano. Alipotutajia gharama yake alishusha sauti kama mtu anayetoa habari za msiba.

Alipokuwa akingoja motokaa irudi alitaka banda lake liwe tayari. Alikuwa ameona katika simu yake picha za mabanda ya motokaa za kale huko Ulaya na Marekani, sakafu zake ziking'aa hata magurudumu yanaonekana ndani yake kama katika kioo. Rangi hiyo huitwa epoksi, nayo ni ya dawa mbili zinazochanganywa zikagandana kuwa ngozi ngumu. Fundi mmoja alikwisha mwahidi kuipaka kwa siku mbili tu. Lakini Mzee, kwa kuwa ni mtu mwangalifu, alitaka kusikia na neno la pili, ndipo akamwita mjomba wangu.

Mjomba ni mwashi wa miaka mingi. Wakati huo nilikuwa nimemaliza Kidato cha Nne, matokeo yametoka mazuri, nami nangoja kupangiwa shule ya Kidato cha Tano. Shule za Serikali hazitozi ada, lakini kila mzazi anayesoma haya ajua kwamba mtoto wa bweni haendi mikono mitupu. Kuna godoro, mashuka, ndoo, tranka, madaftari na nauli. Mjomba ndiye aliyenilea, na alikuwa ameniambia, "Mpwa wangu, kazi ya yule Mzee ndiyo itakayokupeleka shule." Kwa sakafu ya kung'aa Mzee alikuwa tayari kulipa shilingi laki nne na nusu kwa kazi ya mikono peke yake, mbali na bei ya dawa, na katika hizo laki mbili zingekuwa zangu.

Tulifika kwake mwezi wa Aprili, masika yamepamba moto. Tukamsalimu, "Shikamoo Mzee," akaitikia, "Marahaba, karibuni banda." Banda lilikuwa la urefu wa mita sita na upana wa mita tatu na nusu, sakafu yake imepigwa niru zamani. Mjomba hakusema kitu. Alivua viatu akatembea kwa nyayo tupu kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma. Kisha akachuchumaa, akapitisha kidole penye mstari mweupe uliokuwa kando ya ukuta, akakionja.

"Chumvi," akasema. "Kijana, toka nje ukatazame maji ya bati yanaangukia wapi."

Nikatoka. Bati la banda halikuwa na gata. Maji ya mvua yalianguka kutoka juu moja kwa moja hadi chini ya ukuta wa nyuma, na hapo pamekuwa na kidimbwi, tena kirefu kama banda lenyewe. Nilipomweleza, Mjomba alimgeukia Mzee akamwambia kwa adabu, "Mzee, kabla ya kuzungumza habari za rangi, naomba ruhusa ya siku mbili niiulize sakafu hii jambo moja."

Alichofanya kila mtu aweza kukifanya nyumbani kwake. Tulikata vipande vinne vya nailoni nzito, ile itandazwayo chini ya zege, kila kimoja mraba wa sentimita 45. Tukavilaza penye sakafu palipofagiwa, tukavibandika kingo zote kwa tepu, pasiwe na nafasi ya hewa kupita. Kimoja tulikiweka karibu na mlango, kimoja katikati, na viwili karibu na ukuta wa nyuma. Kipimo hiki chataka saa 16 kwa uchache. Sisi tulikiacha siku mbili. Maana yake ni hii: maji yakionekana juu ya nailoni, yametoka hewani, yakionekana chini yake, yametoka ardhini.

Siku ya tatu tulifika alfajiri, kwa kuwa Mjomba alitaka Mzee aone kwa macho yake kabla jua halijapanda. Tulikuta umande juu ya vipande vyote vinne. Mjomba akamwomba Mzee abandue mwenyewe. Kipande cha mlangoni kilikuwa kikavu upande wa chini. Cha katikati kilikuwa na matone madogo madogo. Vile viwili vya nyuma vilichuruzika maji, na zege lililokuwa chini yake limekuwa jeusi kama lililomwagiwa ndoo.

Mzee alisimama kimya, nailoni inamdondokea maji miguuni.

Hapa nitasimama kidogo nieleze sababu, maana ndiyo shina la habari yote. Saruji haikauki kama nguo inavyokauka juani. Huungana na maji, ikawa kitu kipya kilicho kigumu. Kwa kuungana huko yahitaji maji ya uzito kama wa robo ya uzito wake, lakini zege la kiasi hicho lingekuwa kavu mno, lisingechanganyika wala kusambazika. Kwa hiyo mafundi hutia nusu ya uzito wa saruji au zaidi. Maji yaliyozidi hutoka polepole, na kila yalipopita huacha njia nyembamba kuliko unywele. Zege basi, ijapokuwa twaliona gumu, limejaa vijia visivyoonekana kwa macho. Maji ya ardhini hupanda katika vijia hivyo kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi, jambo tulilofundishwa katika Fizikia. Kama chini ya zege haikutandazwa nailoni siku ya kumwaga, hakuna cha kuyazuia. Yakifika juu huwa mvuke, na chumvi yaliyoibeba hubaki kuwa unga mweupe.

Kisha kuna yale maji ya pili, ya hewani. Usiku zege na bati la motokaa hupoa. Hewa yenye unyevu ikigusa kitu kilichopoa huacha matone, kama glasi ya maji baridi inavyotoa jasho mezani. Sasa fikiri habari ya motokaa iliyolala hapo mwaka baada ya mwaka. Mvuke watoka sakafuni, wakutana na tumbo la motokaa lililopoa, unageuka maji, na upepo wa bahari unaongeza chumvi yake. Kutu haikutoka barabarani. Ilikuwa inapikwa chini kwa chini kila usiku, motokaa imefungiwa mlango ili isiharibike.

Baada ya kitambo Mzee aliuliza, "Na epoksi, haitayafunika haya maji?"

"Itayafunika, Mzee," Mjomba akajibu, "wala haitayazuia. Mvuke utasukuma kutoka chini, ngozi ya rangi itafanya malengelenge, kisha itabanduka. Na siku utakayotoka safarini matairi yakiwa ya moto, yatanata na rangi, yaondoke nayo."

"Na yule aliyesema siku mbili?"

"Hakusema uwongo, Mzee. Siku mbili zatosha kupaka. Mimi nazungumza habari za mwaka ujao."

Mjomba akamtajia njia tatu. Ya kwanza, kuvunja sakafu yote, kutandaza nailoni na kumwaga zege jipya, kazi nzuri kuliko zote na ya gharama kubwa kuliko zote. Ya pili, kutumia epoksi maalumu zilizofanywa kwa ajili ya zege lenye unyevu, ambazo bei yake ni kali na hutaka sakafu isagwe kwanza kwa mashine. Ya tatu, kuyaondoa maji yasifike ukutani, kulipa banda hewa, kungoja sakafu ikauke, kisha kuinywesha dawa inayoingia ndani ya zege badala ya kulala juu yake. Njia hii haitafanya sakafu ing'ae. Na kwa kazi ya mikono itakuwa shilingi laki mbili na elfu ishirini, maana dawa za kunywesha ni nyepesi kupaka na gata ataweka fundi mwingine wa bati.

Nilikuwa nimesimama hapo kando. Hesabu hiyo haikuhitaji kalamu. Nusu ya fedha, na zaidi, ilikuwa imeondoka kwa maneno ya Mjomba mwenyewe, na hakuna aliyemlazimisha kuyasema. Mzee alikuwa tayari kulipa kwa ajili ya kioo, na kama kioo kingepasuka kingepasuka sisi tumekwisha kwenda zetu.

Mzee akachagua njia ya tatu. Tulipokuwa tunarudi nyumbani kwa miguu Mjomba aliniuliza, "Unahesabu godoro?"

Nikasema, "Ndiyo, Mjomba."

Akasema, "Basi hesabu na siku nitakayoitwa hapa masika ijayo, mbele ya watu, niambiwe nirudishe fedha ambazo tumekwisha kuzila." Hakuongeza neno, nami sikuwa na la kujibu.

Kazi ilianza kwa mambo ambayo hata hayakugusa sakafu. Fundi wa bati aliweka gata, maji ya mvua yakapelekwa pipani. Nyuma ya banda tulichimba mfereji wa kina cha futi moja na nusu, tukaujaza kokoto, tukaupa mteremko wa sentimita moja kwa kila mita hadi kwenye mtaro wa njia. Kisha tulitoboa ukuta, tukaweka matofali yenye matundu; mawili chini upande wa bara, na mawili juu upande wa pili, ili hewa iingie chini na kutokea juu. Hapo Mzee alipinga kidogo, akasema kwamba akifungua matundu hewa ya bahari itaingia. Mjomba alimjibu kwamba hewa hiyo ilikuwa imo ndani siku zote, isipokuwa ilikosa njia ya kutoka.

Halafu tukangoja. Katika kazi yote hiyo, kungoja ndiko kulikokuwa kugumu kuliko kuchimba. Mvua zilipungua mwishoni mwa Mei. Sisi tulipita kila Jumamosi kutazama, na kila Jumamosi ule weusi wa ukutani ulikuwa umerudi nyuma kidogo.

Katika kungoja huko tulishughulikia madoa ya mafuta, kwa kuwa motokaa za kale hudondosha mafuta kama ng'ombe anayenyonyesha. Dawa haiingii palipo na mafuta. Jirani mmoja alishauri tutumie magadi makali, maana ndiyo yageuzayo mafuta kuwa sabuni. Nilifurahi kuwa na la kusema, nikaeleza kwamba hilo ni kweli kwa mafuta ya nazi au ya mawese, bali mafuta ya injini ni ya jamii nyingine, hayageuki sabuni. Kwa hiyo tulitumia sabuni ya maji yenye nguvu, maji ya moto na brashi ngumu, tukarudia mara nne. Kila mara tulijaribu kwa tone la maji. Tone likikaa kama shanga, mafuta yangalimo. Likinywewa, sakafu iko tayari.

Jirani huyo huyo akashauri tuioshe sakafu kwa asidi, kama wafanyavyo wengi, ili niru laini itoke. Mjomba alikataa kabisa. Asidi ya haidrokloriki hula chokaa iliyo katika saruji na kuchemka povu, na ni kweli kwamba huacha sakafu ikwaruze vizuri. Lakini mvuke wake hushika kutu chuma chochote kilicho karibu, na mabaki yake hubaki katika vijia vya zege yakingoja unyevu. Hakuna sababu ya kuleta adui wa chuma mahali unapotaka kuhifadhi chuma. Mwenye kulazimika kuitumia na akumbuke tuliyofundishwa maabara: asidi ndiyo imiminwayo katika maji, wala si maji katika asidi.

Sisi tulisugua kwa kinoo na maji, kwa mikono, kama wanavyosugua sakafu za teraso. Ilituchukua siku tatu, na magoti yangu yalizijua zote tatu. Tulisugua kwa maji kwa makusudi, maana vumbi la zege kavu lina unga wa mchanga mkali, nao ukiingia mapafuni hautoki. Watu wengi wa kazi za mawe wamepata maradhi yasiyopona kwa sababu ya vumbi hilo. Nyufa mbili tulizichimba, tukazijaza kwa saruji na mchanga, tukazimwagilia maji kwa siku saba.

Katikati ya Juni tulibandika tena vipande vinne vya nailoni mahali pale pale. Vitatu vilikuwa vikavu. Cha nne, katika kona ya nyuma, kilikuwa na ukungu kama pumzi juu ya kioo. Nilidhani Mjomba atasema yatosha, kwa kuwa wakati wa mimi kwenda shule ulikuwa unakaribia, na fedha hulipwa kazi ikiisha. Akasema, "Wiki moja zaidi." Wiki ile ikapita, na kipande cha kona kikatoka kikavu.

Ndipo tukainywesha. Dawa ya kwanza ilikuwa silikati ya sodiamu, ile ile watumiayo watengenezaji wa sabuni za mche. Saruji ikiungana na maji huacha chokaa ndani ya zege. Silikati hukutana na chokaa hiyo, zikafanya kitu cha namna ile ile iliyolishikanisha zege tangu mwanzo. Vijia huwa vyembamba zaidi, na sakafu huacha kutoa vumbi. Tuliipaka kwa brashi, tukaisugua kwa muda wa nusu saa bila kuiacha ikauke, kisha tukasuuza iliyobaki, kwa kuwa ikigandia juu hufanya ukoko mweupe usiotoka kwa urahisi. Siku ya pili tulirudia.

Baada ya juma moja tukapaka dawa ya pili, ya jamii iitwayo siloksani, iliyochanganywa na maji. Hii haizibi vijia, bali huzipaka kuta zake, maji yakakataliwa na mvuke ukapata njia. Lita moja ilitosha mita nne za mraba hivi, na sakafu nzima ilikuwa mita 21. Ilipokauka, Mjomba alimwaga kikombe cha maji, yakakusanyika yakaviringana kama umande juu ya jani la jimbi.

Mzee aliitazama sakafu yake. Ilikuwa ya kijivu, haina mng'aro wowote, kama sakafu ya shule.

"Fundi," akasema, "mbona haing'ai?"

"Haing'ai, Mzee. Nilikwambia."

Mzee akacheka, akasema, "Ulinambia, ni kweli. Nami niliahidi kutouliza."

Motokaa ilirudi mwishoni mwa Juni. Mjomba alimwachia mambo machache ya kufuata. Awe na sinia ya bati yenye mchanga chini ya injini, wala si maranda, kwa kuwa maranda yaliyolowa mafuta hushika moto upesi. Mafuta ya breki yakidondoka ayafute papo hapo, maana ni mala rangi. Akiiinua motokaa kwa jeki aweke ubao chini yake. Na akiifunika, aifunike kwa shuka la pamba, asitumie nailoni, kwa sababu nailoni hufungia jasho ndani.

Mimi nilikuja shuleni hapa na tranka la zamani la Mjomba, lililopigwa bati jipya pembeni, na godoro la inchi nne. Wenzangu wa bwenini walinitania sana kwa tranka hilo. Liko chini ya kitanda changu mpaka leo, na bado lafungika.

Likizo ya mwisho wa Kidato cha Tano nilikwenda na Mjomba kumwamkia Mzee. Masika yalikuwa yamepita yote, tena yalikuwa na mvua za kutosha. Mzee mwenyewe alinipa tochi, nikalala chali chini ya motokaa. Makunjo ya bati chini ya milango yalikuwa makavu, rangi yake nzima kama siku ilipotoka kwa fundi. Katika kona ile ya nyuma palikuwa na mstari mdogo wa chumvi, urefu wake kama kiganja. Mjomba aliukwangua kwa kisu, akatoka nje, akakuta majani yameziba gata mahali pamoja, akayatoa. Kisha akamwonyesha Mzee, ili ajue kwamba sakafu haikuponywa mara moja kwa daima. Yataka mtu wa kupanda ngazi kila kabla ya mvua.

Nimefikiri sana juu ya kazi hiyo tangu nianze masomo ya sayansi ya Kidato cha Tano. Utambi, umande, chokaa, asidi, yote nilikuwa nimekwisha kuyasoma, nikayajibu katika mtihani. Mjomba hakuyasoma, lakini alivua viatu. Nadhani mtu mwenye elimu hana budi ajifunze yote mawili, kujua sababu na kugusa kitu chenyewe kwa nyayo zake. Na jambo kubwa zaidi nililoliona ni kwamba kipande cha nailoni kinaweza kuwa ghali sana kwa mtu anayekibandika, kwa kuwa akishaona maji chini yake hawezi tena kusema kwamba hakujua. Mjomba alikibandika kwa hiari yake, naye alikuwa anajua fedha zilikuwa za nani.

Wazee wetu walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Kabla hujaifunika sakafu kwa rangi, kwa zulia au kwa vigae, bandika kipande cha nailoni, ungoje siku mbili, kisha ukibandue alfajiri. Na kama wewe ndiwe fundi, mwite mwenye nyumba akibandue mwenyewe.